Kama wokovu ni kwa imani, matendo mema yana kazi gani?

Swali: Shalom, mchungaji. Warumi 3:28 inasema mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 inasema huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Nimfuate yupi? Na nikianguka dhambini, nikifunga na kuongeza sadaka, nitasamehewa?

Jibu: Shalom, mpendwa. Wafuate wote wawili. Wote wanamtaja Ibrahimu, ila kila mmoja anamtazama katika siku tofauti ya maisha yake.

Paulo, mwandishi wa Warumi, yuko Mwanzo 15, pale Ibrahimu alipomwamini BWANA akahesabiwa haki, yaani Mungu akamkubali kuwa mwenye haki. Hebu piga hesabu. Ishmaeli alizaliwa baadaye, baba yake akiwa na miaka 86 (Mwanzo 16:16), na Ibrahimu alitahiriwa akiwa na miaka 99 (17:24). Kwa hiyo haki ile iliitangulia tohara kwa miaka isiyopungua 13, na hiyo ndiyo hoja ya Warumi 4:10. Sheria ya Musa ilikuwa hata haijatolewa! Ibrahimu hakuwa na cha kulipia.

Yakobo yeye yuko Mwanzo 22, pale Mungu alipomjaribu Ibrahimu amtoe mwanawe Isaka awe sadaka. Isaka, aliyezaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100, sasa amekua kiasi cha kubeba kuni, na amelazwa juu ya kuni hizohizo. Hapo Ibrahimu hatafuti haki, anayo tayari. Imani iliyokuwa moyoni sasa inaonekana mikononi, ndiyo maana Yakobo anasema andiko lile la Mwanzo 15 "likatimizwa" (2:23).

Tena soma Yakobo 2:14 polepole: "mtu *akisema* ya kwamba anayo imani". Kusema tu. Huyo ndiye anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba, asimpe kitu. Imani ya kukiri mdomoni kwamba Mungu ni mmoja, hata mashetani wanayo (2:19).

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuusoma Waefeso 2:8-9 na kufunga Biblia. Endelea hadi mstari wa 10. Mstari wa 9 unasema "si kwa matendo", wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo "tutende matendo mema". Matendo si chanzo cha wokovu, lakini ni shabaha yake. Mti hauwi hai kwa kutundikiwa matunda. Usipozaa kabisa, kagua mizizi.

Kuhusu swali lako la pili, hapana. Kufunga na sadaka ni vyema, lakini havinunui msamaha. Ukivitumia hivyo utaishia pabaya: utajiona umemaliza deni, au hutajua kamwe kama umelipa vya kutosha. Anza na kuungama, kama 1 Yohana 1:9 inavyosema. Halafu, kama ulimdhulumu mtu, mrudishie yeye mwenyewe. Usipeleke fedha yake kwenye kapu la sadaka ukadhani yameisha. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne na kuwapa maskini nusu ya mali yake (Luka 19:8), na angalia mpangilio: Yesu alikuwa amekwisha kujikaribisha nyumbani kwake katika mstari wa 5.