Jibu: ukiacha 3, 4, 5 (pande za pembetatu ya kamba ambayo mafundi hupimia kona ya nyuzi 90, sababu 3×3 + 4×4 = 5×5) kuna namba zingine za kona?

Mkuu hizo 6, 8, 10 alizotumia fundi wako huko Njiro ni ileile 3, 4, 5 imezidishwa mara mbili, hajakudanganya, kona itakaa skwea, ila sio mpya. Ukitaka mpya kabisa chukua namba witiri yoyote kuanzia 3, tuseme 7, izidishe kwa yenyewe unapata 49, halafu igawe iwe namba mbili zinazofuatana yaani 24 na 25, umemaliza: 7, 24, 25. Ukichukua 9 unapata 81, kwa hiyo 40 na 41. Inakubali sababu 25 mara 25 ukitoa 24 mara 24 inabaki 24+25, na ni hivyo kwa namba zote zinazofuatana, kwa hiyo haziishi hata ukeshe.

Ila haizikamati zote, mfano 20, 21, 29 inaipita. Hapo chukua 5 na 2: miraba yao ni 25 na 4, ukitoa unapata 21, ukijumlisha 29, halafu 5×2 mara mbili ni 20. Wababeli, watu wa kale wa Iraki ya leo, washajua mambo haya zamani sana, kuna kibao cha udongo kinaitwa Plimpton 322, kina miaka kama 3,800, kimeandikwa 119 na 169, yaani upande mfupi na ule mrefu kuliko zote, ukikokotoa upande uliobaki unatoka 120 kamili, na hawakuwa na kalkuleta!

Kwa kupima msingi wa jengo lakini baki na 3, 4, 5. Mi huku Moshi nilijifanya mjuaji nikapima banda la kuku kwa 7, 24, 25, lile lipembetatu ni jembamba na kamba ndefu ikalegea, tukarudia kuchimba.