Mkuu, huo uhakiki usiuweke Ijumaa

Simama kwanza. Umesema umemaliza kusoma kitabu chako cha kwanza cha kufundisha uandishi kwa siku mbili, kimekukuna, na Ijumaa unakiwekea uhakiki wa nyota tano kwenye kundi lenu la waandishi chipukizi. Halafu unauliza uhakiki uwe na urefu gani, na ununue vitabu gani vingine vitatu. Vingine vya nini, wakati hicho kimoja hujakitumia hata kwa aya moja?

Mimi hili limeniunguza. Mwaka 2019 nililipa shilingi 150,000 nikahudhuria warsha ya wikiendi mbili, Dar. Mkufunzi akashika kitabu kimoja cha Kimarekani, akakipigia debe kama dawa ya mnadani. Amri yake kuu: kata vielezi vyote. Nikakisoma mbiombio kama wewe, nikakiandikia uhakiki mtamu, eti "kila mwandishi awe nacho." Nyota tano. Watu wakanishukuru, wengine wakatoa hela zao wakakinunua kwa neno langu.

Baada ya hapo ndipo nikaugeukia mswada wangu, na kidonda kiko hapo. Ulikuwa na kurasa 212, riwaya ya bibi mmoja wa Pangani na mjukuu wake. Nikaanza kufyeka. Moyoni nilikuwa nasikia kabisa kwamba kuna kitu kinakufa, lakini nilishakisifu kitabu mbele za watu, ningeanzaje kukitilia shaka? Ule uhakiki ndio ulionifunga mikono. Tazama sentensi zilivyokuwa:

"Giza totoro. Mtoto kalala fofofo. Bibi akanyamaza jii, akisikiliza maji ya paa yakidondoka ndo, ndo, ndo kwenye sufuria."

Nikazifanya hivi:

"Giza lilikuwa limeingia. Mtoto alilala. Bibi alinyamaza. Maji yalidondoka kwenye sufuria."

Zisome zote kwa sauti. Za kwanza, umo ndani ya nyumba ile. Za pili, unasoma maelezo ya shahidi kituoni. Yule Mmarekani alikuwa anatibu ugonjwa wa lugha yake, ambako vielezi vingi hutengenezwa kwa kubandika kiishio kilekile cha -ly kwenye neno la sifa, mpaka ukurasa mzima unalia mlio mmoja. Sisi fofofo yetu ni ya usingizi, totoro ni ya giza, jii ni ya ukimya. Kila moja ina nyumba yake. Ukiing'oa fofofo, hakuna neno jingine linalokuja kukaa pale.

Nilikata miezi sita, nikafika kurasa 148, na muda wote nahifadhi juu ya faili lilelile. Nakala ya zamani sikubakiza. Nikapeleka kwa mchapishaji, mhariri akanirudishia na maneno matatu: "Inasomeka kama tafsiri." Mkuu, mimi nimezaliwa na Kiswahili, sikukisomea ukubwani. Siku ile sikula.

Nikamtafuta yule mkufunzi, nikamwomba anipe hadithi yake yoyote nione alivyokata vielezi vyake. Hana. Hata moja, hata ya kurasa tatu! Na kitabu chenyewe, nilipombana, akakiri alikisoma nusu. Mtu huyu alikuwa na watu kama thelathini ukumbini, wote wamelipa. Na asije mtu hapa kuniambia nina chuki na vitabu vya uandishi. Kwangu rafu yake imelemewa kuliko kabati la nguo.

Kwa hiyo shika hili moja: kitabu cha uandishi hakihakikiwi mpaka umeandika kurasa 20 zako kwa masharti yake, kwa Kiswahili, ukamsomea mtu kwa sauti. Si kurasa mbili. Kwenye mbili bado umelewa sifa zake.

Hata ushauri mzuri hauvuki mpaka bila kupimwa. Stephen King, mwandishi wa riwaya wa Marekani, kwenye kitabu chake On Writing cha mwaka 2000, anataja kanuni ya rasimu ya pili kuwa fupi kuliko ya kwanza kwa asilimia 10. Kwa lugha yake sawa. Lakini "nisingalimwambia" kwetu ni neno moja, Kiingereza kinataka sita. Unapunguza maneno yapi hapo? Jibu hulipati kwa kusoma, unalipata ukiwa na mswada mezani na kalamu mkononi.

Nilipojifunza adabu nilianza upya na Sheria za Kutunga Mashairi ya mshairi wetu Kaluta Amri Abedi, ya 1954. Yule mzee kakuwekea sheria, kisha humo humo kwenye jalada moja akakuwekea diwani yake ya mashairi, umpime kwa kipimo chake mwenyewe. Nikatunga beti kumi kabla ya kusema lolote. Kwenye ubeti wa pili tu nikakwama: mshororo wangu ulikuwa na mizani 17, yaani silabi, badala ya 16 nilizokusudia, naurudia, nahesabu kwa vidole, 17 tena. Kumbe "mtu" ni mizani mbili, ile m ya mwanzo inasimama peke yake. Nilikuwa nimekipitia kitabu mara mbili nzima na hilo halijawahi kunigusa. Uhakiki nilioandika baada ya hapo una aya nne, na mtu aliyeusoma alinipigia simu kuuliza habari ya hiyo m.

Zile nyota tano zangu za 2019 nimezifuta, na niliowafahamu kuwa walinunua nimewaandikia mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameshaanza kukata.

Sasa wewe, kabla ya chochote, fungua hadithi yako, hifadhi nakala pembeni kwa jina jingine, na uanze zile 20. Ukimaliza rudi hapa, bandika sentensi moja ya kabla na moja ya baada. Nitazisoma.