Paa la tela la mbao: kabla hujaongeza silikoni, soma hapa

Mkuu, hiyo bunduki ya silikoni iweke chini kwanza. Umesema tela lako la kulala porini umeshalisimamisha, paa ni plaiwudi ya milimita 9 iliyoungwa vipande viwili, mshono mmoja umeshaujaza silikoni, na unauliza kama ukipiga rangi ya mafuta koti mbili juu yake litavumilia masika. Halitavumilia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya kwenye tela langu la kwanza hapa Arusha, na paa lile halikumaliza mwaka wa pili.

Niligundua kwa pua. Tulikuwa tumerudi kutoka Ziwa Natron, mwezi wa nne, nafungua mlango wa nyuma nakuta godoro linanuka uvundo, na kwenye foronya kuna doa la rangi ya chai. Nikapanda juu kuangalia. Kwa macho paa lilikuwa zima, rangi inang'aa, silikoni haijakatika popote. Nikachukua bisibisi nikagusa pembeni mwa tundu la hewa, ikapenya hadi upande wa pili kama nachoma kiazi kilichoiva. Nilipobandua rangi, majani ya plaiwudi, yaani zile tabaka zake nyembamba zilizogundishwa, yalikuwa yameachana, meusi, na weusi ule ulikuwa umesafiri zaidi ya nusu mita kutoka kwenye tundu.

Maji hayakupita usoni mwa ubao. Yaliingia kwenye matundu ya skrubu na kwenye ukingo uliokatwa kwa msumeno, ambako nyuzi za mbao zimebaki wazi kama mirija. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, kule Natron, inalitikisa tela mpaka kila kiungo kinacheza, na rangi juu ya kiungo kinachocheza inapasuka mpasuko mwembamba usiouona. Tone likishaingia, rangi na silikoni zinageuka kuwa kifuniko cha sufuria: maji hayatoki tena, yanabaki humo yakiozesha.

Mimi nimekulia Pangani, mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi, na nilidhani kazi ya kuzuia maji naijua. Chombo cha mbao kinatiwa kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inashindiliwa kati ya mbao na mbao, nje panapakwa sifa (mafuta ya samaki), chini deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa). Inafanya kazi kwa sababu mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinaibana ile pamba. Ndiyo maana jahazi lililokaa juani muda mrefu likishushwa huvuja kwanza, mpaka mbao zivimbe. Paa la tela linaishi maisha ya kinyume kabisa. Usiku mvua, saa saba mchana jua kali, na plaiwudi ikivimba haibani chochote, inaachana majani. Kwa hiyo acha kutafuta cha kujaza kwenye nyufa. Unachotaka ni ngozi moja isiyo na mshono, inayofunika paa lote na kushuka kwenye kuta, na ubao ubaki mkavu ndani yake.

Ngozi hiyo ni epoksi, yaani rezini ya maji inayochanganywa na haduna (kigandisho chake) ikawa ngumu, pamoja na kitambaa cha faiba. Lakini anza na ubao wenyewe. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba marini, utapewa ile plaiwudi nyeusi au ya kahawia yenye utando unaong'aa, ya kufungia zege. Ni ubao mzuri kwa kazi yake, ila ule utando umewekwa makusudi zege lisishike, na epoksi nayo haitashika. Plaiwudi ya boti yenyewe, ile ya kiwango cha BS 1088, ni ghali na ngumu kuipata huku. Mimi nilinunua plaiwudi ya kawaida kutoka maduka matatu, kipande kimoja kila duka, nikakata vipande vya kiganja nikavichemsha kwenye sufuria saa moja, nikavianika, nikavichemsha tena. Viwili viliachana. Cha tatu kilibaki kimoja, nikarudi kwenye duka lile nikachukua mbao zote za paa. Na wewe bado una mabaki ya plaiwudi yako, yachemshe leo kabla hujatumia hela nyingine.

Usikubali mtu akushawishi utumie rezini ya polyester kwa kuwa ni rahisi na mafundi wa boti za faiba wanaitumia. Wao wanajenga boti nzima kwa faiba, hawabandiki faiba juu ya mbao. Juu ya mbao polyester haishiki kama epoksi, baada ya muda inabanduka, na maji yanapata njia chini yake. Kitambaa nacho kiwe cha kufumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba kinatosha, siyo ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, ambao gundi yake imetengenezwa kuyeyuka ndani ya polyester.

Epoksi ina adabu zake. Uwiano umeandikwa kwenye kopo, kuna za 2 kwa 1 na za 5 kwa 1, na soma kama wanapima kwa ujazo au kwa uzito, maana hazilingani. Kuzidisha haduna hakuharakishi chochote: ukikosea uwiano unabaki na ulimbo usiokauka, na dawa yake ni kuukwangua wote. Koroga dakika mbili tatu huku unakwangua kuta na sakafu ya kopo. Kisha mimina yote kwenye trei pana, usiiache kwenye kopo. Mara ya kwanza nilichanganya kama gramu 400 kwenye kopo la maziwa, nikageuka kunyoosha kitambaa, niliporudi linafuka moshi na plastiki imejikunja. Ikiwa imejaa sehemu moja inajipasha moto yenyewe. Ikitandazwa inapoa na kukupa muda. Vaa glavu kila mara, na ikikugusa nawa kwa sabuni, si kwa thina. Mwili ukishaikataa epoksi, unaikataa maisha.

Viringisha kwanza kingo zote za paa kwa randa na msasa. Kitambaa hakikubali kukunjwa kwenye kona kali, kinanyanyuka na kuacha mfuko wa hewa. Paka koti ya kwanza ya epoksi tupu, na ukingo uliokatwa upake tena na tena mpaka uache kunywa. Fanya kazi hii kivulini kuanzia saa kumi jioni, joto linaposhuka. Ukipaka asubuhi, jua likipanda hewa iliyomo ndani ya mbao inatanuka na kutoka, inakuachia vishimo mamia, na kila kimoja ni mlango wa maji. Kwa kweli hili ndilo jambo ambalo ningeambiwa mapema lingeniokolea rezini nyingi.

Koti hiyo ikishashika, tandaza kitambaa kikavu, kishuke ukutani sentimita 5 hadi 7 kila upande, kisha mwagia epoksi na uisambaze kwa kipande cha plastiki laini kuanzia katikati kwenda nje. Utaona weupe unatoweka na ubao unaonekana kama kitambaa hakipo. Palipobaki peupe pana njaa ya rezini. Panapoelea kama kidimbwi pamezidi, pavute. Baadaye ongeza koti mbili za kujaza vile vishimo kati ya nyuzi za kitambaa. Paa langu ni karibu mita 4 za mraba na lilimeza kama kilo 4 za epoksi, pamoja na zilizopotea. Bei iliniuma, ilizidi plaiwudi yote ya tela, na ningelipa tena leo.

Siku inayofuata pitisha kidole. Ukihisi utelezi kama nta, usikimbilie msasa. Osha kwa maji safi na sponji ngumu ya kusugulia vyombo, futa, kausha, ndipo upige msasa namba 120. Ukianza na msasa unaisukuma ile nta ndani na rangi itakuja kubanduka.

Sasa matundu, maana huko ndiko paa hufia. Kila skrubu inayopita kwenye paa, toboa kwanza tundu kubwa kwa biti ya milimita 10, lijaze epoksi iliyokorezwa kwa vumbi laini la msumeno, iache igande, kesho yake toboa tundu dogo la skrubu katikati. Skrubu ikija kulegea siku moja, maji yatakutana na epoksi, hayataonja mbao. Ukingo wa ndani wa tundu la hewa nao upakwe koti tatu. Kati ya fremu ya tundu hilo na paa tumia mpira wa butili, ile kamba nyeusi inayonata ambayo mafundi wa taa za magari wanazibia taa. Kaza skrubu polepole kwa kupokezana pembe, iache usiku mmoja, kaza tena, kisha kata kilichochomoza. Butili haikauki ikawa ngumu, inacheza na tela likicheza. Ukitaka kuweka pembe ya aluminiamu kwenye ukingo, ichomoze kidogo kupita ukuta, kuelekea chini, ili maji yadondoke badala ya kurudi ndani kwa kutambaa.

Rangi si pambo hapa. Jua linaila epoksi: inageuka manjano, inachakaa kuwa unga. Ila ile rangi ya mafuta ya kawaida uliyoinunua inaweza kukataa kukauka juu ya epoksi changa, kwa hiyo ngoja epoksi ikomae, mimi nilingoja wiki mbili, upige praima (rangi ya kwanza ya kushikia) inayokubaliana nayo, kisha rangi. Mimi nilitumia rangi ya magari ya kuchanganya na haduna. Chagua nyeupe. Paa la rangi nyeusi au kijani kibichi saa nane mchana hugusi, na kila joto linapopanda na kushuka mbao zinatanuka na kunywea.

Kama epoksi haifikiki kabisa mfukoni, kuna njia ya marikani nzito au turubai la pamba, lisiwe la plastiki. Unalibandika paa lote kwa gundi ya mbao isiyoogopa maji, ya daraja la D4, unalivuta vizuri lishuke ukutani, kisha unalinywesha rangi ya nje, koti ya kwanza nyepesi izame, halafu tatu au nne nzito. Mapaa ya mabehewa ya zamani ya treni yalifunikwa hivyohivyo, turubai na rangi. Inadumu ukiihudumia, maana yake kila kabla ya masika unapanda juu unakagua na kurudia rangi. Ni njia ya heshima, na ni bora mara kumi kuliko silikoni.

Jambo moja litakusumbua baadaye. Ukilala kwenye baridi ya juu kule Ngorongoro, watu wawili ndani, asubuhi utakuta dari limelowa na utadhani paa linavuja. Ni pumzi zenu. Maji ya pumzi hutanda sehemu pana na hayaachi doa la chai. Acha tundu la hewa wazi upana wa vidole viwili usiku, na dari la ndani nalo lipakwe vanishi.

Kupima uvujaji, chukua mpira wa maji, mtu mmoja akae ndani na tochi. Anza kumwagia chini, kwenye kuta, dakika tano, halafu panda kidogokidogo kuelekea paa. Ukianza juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia.

Kuhusu ule mshono ulioujaza. Silikoni inaacha mafuta ambayo epoksi wala rangi haishiki juu yake, na ukiipiga msasa unaisambaza. Ikate kwa kisu, kisha kata na ubao wenyewe sentimita 2 kila upande wa mshono, weka ukanda mpya wa plaiwudi wenye kibao cha kushikia kwa chini, gundisha kwa epoksi iliyokorezwa. Ni kazi ya siku moja. Halafu piga picha ukingo wa mbele, pale paa linapokutana na ukuta, uiweke hapa kabla hujapaka chochote. Nataka kuona kama kuna mteremko wa kutosha, maana maji yakituama hapo itabidi tuinue mbele kwanza.