Kujifunza kuandika programu ukiwa kazini: anzia mezani pako

Ofisi nyingi za Mombasa zina mtu anayeitwa "mtu wa kompyuta". Printa ikikwama anaitwa yeye. Nyaya za mtandao anavuta yeye, kamera za ukutani anafunga yeye, na intaneti ikikatika ndiye anayeshinda kwenye simu na kampuni ya laini. Anajua mengi, kwa kina cha kutosha kuiendesha ofisi. Ila hajawahi kuandika programu yake mwenyewe, na sasa ana miaka arobaini na kitu, watoto wako sekondari, na akisema anataka kujifunza huambiwa hiyo ni kazi ya vijana.

Namwandikia mtu huyo, kwa kuwa nami ni mmoja wao. Niko kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, hawa wanaotoa mizigo bandarini Kilindini, na programu nilianza kuziandika kichwa kikiwa kimeshaingia mvi. Usianze pale wanapoanza vijana. Kijana wa chuo hupewa mazoezi ya kubuni kwa sababu bado hana kazi anayoijua. Wewe unayo. Chukua kero moja ya mezani pako, ndogo, unayoijua nje ndani, uifanye ndiyo darasa.

Mimi nilichagua nambari za kontena. Anayefanya kazi na bandari anazijua: herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja ya mwisho ambayo kwenye kontena huchorewa kisanduku. Hiyo ya mwisho haikuwekwa kiholela. Kiwango cha kimataifa ISO 6346 kinaeleza jinsi ya kuikokotoa kutokana na zile alama kumi za mwanzo, ili aliyekosea kunakili ajulikane mapema. Na kukosea ni rahisi, maana nambari hizi hutoka kwenye karatasi zikaingia Excel, zikatoka Excel zikaingia kwenye mfumo wa forodha, na mara nyingi anayezihamisha ni mtu aliyechoka. Nyaraka zikitofautiana na kontena, mzigo unakaa. Ukikaa kupita siku za bure, mteja anaanza kulipia hifadhi.

Kanuni yenyewe ni hii. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, mpaka Z ambayo ni 38. Hesabu 11, 22 na 33 zimerukwa kwa kuwa zagawanyika kwa 11. Tarakimu zenyewe hubaki na thamani zake. Alama ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyo hivyo ikiongezeka maradufu mpaka ya kumi, ambayo huzidishwa kwa 512. Jumlisha yote, gawanya kwa 11, utazame baki. Baki likiwa 10 huandikwa 0. Jaribu na CSQU3054383: jumla ni 6185, ukigawanya kwa 11 inabaki 3, na tarakimu ya mwisho ni 3.

Sasa tazama yaliyomo ndani ya kazi hiyo ndogo. Lazima ujue kulikata neno herufi moja moja, kutunza jedwali la herufi na thamani zake, kurudia hatua ile ile mara kumi, na kuweka sharti la lile baki la 10. Python, lugha ya kuandikia programu niliyoitumia, huhesabu nafasi kuanzia sifuri, jambo linalowatatiza wanaoanza, lakini hapa linakufaa: kizidishi cha nafasi ya sifuri ni mbili kipeo sifuri, yaani 1. Ukitaka kukagua orodha nzima iliyotoka Excel, utajifunza kufungua faili na kuisoma mstari kwa mstari. Karibu somo lote la mwanzo limo humo, na kila kipande kina sababu ya kuwepo.

Faida nyingine, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba jibu unalijua kabla ya programu kulitoa. Programu ikikuambia CSQU3054383 si sahihi, kosa liko kwenye programu. Siku hizi akili unde itakuandikia yote kwa sekunde chache, na sikukatazi kuitumia. Iulize ikueleze mstari usiouelewa, kisha andika kwa mkono wako, ukague kwa mfano ambao jibu lake unalo. Mtu asiyeijua kazi hawezi kukagua alichopewa. Wewe unaijua.

Kuhusu lugha, chagua Python, na baadaye SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, halafu utulie. Guido van Rossum alitoa Python mara ya kwanza 1991. SQL ilianzia IBM miaka ya 1970. Lugha zilizodumu hivyo hazitakukimbia kwa sababu ulilala mapema juzi. Ukikuta somo ambalo neno print limeandikwa bila mabano, hilo ni la Python 2, ambayo matunzo yake yalikoma tarehe 1 Januari 2020. Liache.

Kompyuta ya zamani yatosha, na Python ikishaingia haihitaji intaneti. Muda ndio mgumu. Kwangu mimi ni alfajiri baada ya swala, nyumba ikiwa kimya na joto halijapanda. Ramadhani nahamishia baada ya tarawehe. Waambie wa nyumbani unachofanya, wakuheshimu saa yako.

Usione haya kukaa na vijana. Nenda Swahilipot Hub, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa kule Mji wa Kale, au mwombe aliyemaliza chuo juzi akuonyeshe Git, chombo kinachohifadhi kila hatua ya programu yako. Aliyenifundisha mimi ni wa rika la mwanangu. Aliniona nataka kufuta faili nianze upya akaniambia, "Ami, usifute, hifadhi hatua kwanza, tutarudi nyuma tukitaka." Naye alikuja kwangu programu yake ilipokataa kuandika kwenye seva. Mimi niliona upesi kuwa ni suala la ruhusa za folda, maana mambo hayo nimeyashughulikia miaka mingi. Uzoefu wako wa nyaya, seva na nywila zilizosahauliwa unaingia nao darasani.

Usiache kazi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu matangazo ya kozi huahidi mishahara ya haraka, na mwenye karo za kulipa hapaswi kuyategemea. Ofisi yako inamhitaji mtu anayejua mizigo na pia anajua kuandika programu.

Kama uko hotelini Nyali au kwenye duka la jumla Mwembe Tayari, kontena si lako. Tafuta orodha ambayo mtu huilinganisha na nyingine kwa macho kila jioni: vyumba na malipo, stoo na risiti. Kama malipo hayo ni ya M-Pesa, pakua taarifa ya akaunti, uisome kwa Python kwanza ukiwa peke yako. Ukishaiweza, fungua Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa. Lina uwanja wa majaribio usiogusa pesa halisi, na hapo waweza kujaribu usiku kucha bila kumpotezea mtu hata shilingi.