Marudio ya Kiingereza kidato cha nne: kwa mwalimu anayeanza Mombasa

Mwalimu akikabidhiwa kidato cha nne kwa mara ya kwanza, hamu yake huwa ni kuwatungia wanafunzi kijitabu kinene cha noti. Usijitaabishe. Noti za miaka mitatu wanazo, na nyingine hawajazifungua. Wanachokosa ni kazi fupi ya kuandika kwa mkono, yenye sura ya mtihani, itakayosahihishwa kabla hawajasahau kwa nini waliandika walichoandika. Kwa hivyo kila zoezi utakalotengeneza liwe karatasi moja, lipime ujuzi mmoja, na liishe ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40, kusahihisha kukiwemo.

Kwanza jua alama zimelala wapi. KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, ina karatasi tatu za Kiingereza, jumla alama 200. Ya kwanza ni alama 60 kwa saa mbili: uandishi amilifu 20, kifungu cha mapengo 10, stadi za kuzungumza 30. Ya pili ni alama 80 kwa saa mbili na nusu: ufahamu 20, dondoo la kitabu cha lazima 25, shairi au simulizi 20, sarufi 15. Ya tatu ni 60: insha moja ya kubuni na mbili za vitabu, kila moja 20. Walimu wapya wengi humimina nguvu zote kwenye riwaya na tamthilia kwa sababu ndizo zenye ladha ya kufundisha. Stadi za kuzungumza huachiwa wiki za mwisho, ilhali zile alama 30 zinashinda za dondoo zima, na hazimtaki mwanafunzi awe amesoma kitabu chochote. Tena hutahiniwa kwa maandishi. Hakuna anayefungua mdomo mbele ya mtahini, basi usipoteze muda kwa midahalo mirefu ukadhani umemaliza sehemu hiyo.

Tuanze na kifungu cha mapengo, kwa sababu ndicho kinachoharibiwa zaidi na watungaji. Chukua kifungu cha maneno 150 hadi 180, kiwe kimekamilika, kina mwanzo na mwisho. Sentensi ya kwanza iache bila pengo ili msomaji ajue habari inahusu nini. Kisha toa maneno kumi, ukiacha maneno kumi hadi kumi na tano kati ya pengo na pengo. Sita hivi yawe maneno ya kisarufi: vihusishi, viunganishi, viwakilishi, vitenzi visaidizi. Manne yawe ya maana, yanayojulikana kwa kusoma sentensi ya mbele au ya nyuma. Ukitoa vihusishi vitupu, zoezi linageuka la sarufi. Ukitoa nomino tupu, linageuka la kubahatisha.

Tazama pengo moja kwa karibu. Umeandika: "The ferry had hardly left the ramp ____ the rain began." Wewe unataka "when". Nusu ya darasa litaandika "than", kwa sababu wamekariri "no sooner … than" na wanaona ni ndugu mmoja. Kosa hilo ni zuri, limekuonyesha cha kufundisha. Lakini mwanafunzi mmoja ataandika "before", naye yuko sahihi. Kama mwongozo wako wa kusahihisha haukuweka "before", utamnyima mtoto alama iliyo haki yake na darasa zima litaacha kukuamini. Ndiyo sababu kila kifungu kipya mpe kwanza mwalimu mwenzako akijaze bila kuona majibu. Pengo lililopata majibu matatu yanayokubalika libadilishe, usilitetee. Na waambie wanafunzi mapema: tahajia ikikosewa hakuna alama, na pengo likianza sentensi sharti liwe na herufi kubwa. Makosa hayo mawili huwaangusha hata waliojua jibu.

Kwenye matamshi, mwanafunzi wa Pwani ana mtaji ambao vitabu vingi vya marudio havijui. Aliyekua akisema thelathini na dhahabu hana haja ya kufundishwa sauti za "think" na "this", hizo pita haraka. Taabu iko kwenye vokali. Kiswahili kina tano, Kiingereza kina sauti za vokali karibu ishirini, kwa hivyo "bad", "bud" na "bard" zote zinatoka na "a" moja. Tengeneza karatasi yenye mistari kumi, kila mstari maneno manne, matatu yakiwa na vokali moja na la nne likitofautiana, mwanafunzi alipigie mstari. Mfano: "cut, son, cart, blood". Usiyachague maneno kwa herufi, yachague kwa sauti. Mstari wa "cut, but, hut, cart" hauna faida, jibu linaonekana kwa macho hata kwa aliyeziba masikio.

Mkazo nao una chanzo kinachojulikana. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wanafunzi hubeba kanuni hiyo mzimamzima: "character" husikika na mkazo kwenye "rac". Orodhesha maneno ishirini ya namna hiyo, wagawe silabi kwa mistari, wapigie mstari silabi yenye mkazo. Halafu ongeza jozi kama "record" nomino na "record" kitenzi ndani ya sentensi, maana mtihani hupenda kuuliza hivyo.

Uandishi amilifu unataka violezo halisi, na hapa mji wenyewe ni maktaba. Tangazo la ubao wa skuli, barua kwa mhariri iliyokatwa gazetini, mwaliko wa harusi ulioandikwa kwa Kiingereza, fomu ya kuomba kazi hotelini: vikusanye, vibandike, wanafunzi wataje sehemu zake moja moja. Kwa mapishi chagua chakula wanachokijua. Waambie waandike mapishi ya mahamri kwa Kiingereza na utaona jambo la ajabu: mtoto anayeyapika kila Jumamosi ataandika "flour, sugar, coconut milk" bila kipimo hata kimoja, kwa sababu nyumbani hupimwa kwa jicho. Mtahini anataka unga nusu kilo, sukari gramu 100, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki nusu kijiko, tui kikombe kimoja, na mahamri ya watu wangapi. Anataka pia hatua zenye mfuatano, kila moja ikianza kwa kitenzi cha kuamuru. Anayeandika "you should knead" au "my mother kneads" amepoteza alama za muundo hata kama mahamri yake yangefura vizuri.

Magazeti yana kazi nyingine, ya kufundisha toni na msimamo wa mwandishi, maswali ambayo hujitokeza tena na tena katika karatasi ya pili. Nunua magazeti mawili ya Kiingereza ya siku moja, kata habari moja iliyoandikwa na yote mawili, ziweke ubavu kwa ubavu kwenye karatasi moja kabla ya kutoa kopi. Uliza mambo matatu tu. Nani ametajwa kwanza kwenye kichwa cha habari? Kitenzi kiko hali ya kutenda au ya kutendwa, na ni nani amefichwa nacho? Ni maneno ya nani yamenukuliwa, na ya nani yamesimuliwa tu? Hapo wanaona kwamba taarifa zenye ukweli uleule zinaweza kuegemea upande. Ukitoka hapo kwenda kwenye shairi, swali la toni halitishi tena. Jibu utakalopambana nalo ni "the tone is bad" au "the tone is sad" kwa kila kitu. Weka ukutani maneno kumi, "sarcastic", "bitter", "nostalgic", "resigned" na mengine ya aina hiyo, na usikubali neno lolote bila mstari wa shairi unaolithibitisha. Tangazo la biashara linafaa kwa njia hiyohiyo: nani anaambiwa, anaahidiwa nini, neno gani halina uthibitisho.

Dondoo lina mitego miwili inayojirudia. Swali likiuliza kilichotokea mara tu kabla ya dondoo, mwanafunzi husimulia sura nzima. Wape zoezi la swali hilo peke yake: dondoo fupi, sentensi mbili za kabla, sentensi mbili za baada, basi. Mtego wa pili ni sifa za mhusika. Jibu lina nusu mbili, kivumishi na ushahidi, na ushahidi utoke ndani ya dondoo kama swali lilivyosema, si kwenye sura nyingine aipendayo. Chora jedwali la safu mbili na uwakataze kujaza safu ya kwanza kabla ya ya pili. Wakitafuta tendo kwanza, sifa inajitokeza yenyewe, na huoni tena mtu akiandika "kindness" mahali pa "kind".

Insha za vitabu, fupi tu: utangulizi alama 2, hoja nne za alama 3 kila moja, hitimisho 2, lugha 4. Usiwaandikishe insha nzima kila wiki, hutaweza kuzisahihisha. Wape dakika 15 waandike utangulizi na sentensi ya kwanza ya kila aya. Sentensi nne hizo zisipojibu swali, aya zake zitakuwa kusimulia hadithi.

Upande wa kopi, piga hesabu mapema. Zoezi la nusu ukurasa, mawili kwenye karatasi moja ya A4, linatumia karatasi 25 kwa darasa la wanafunzi 50. Rimu ya karatasi 500 inakupa mazoezi ishirini, yaani la kila wiki kwa karibu mihula miwili. Unyevu wa Mombasa nao usiudharau. Rimu iliyoachwa wazi hujikunja na kukwama kwenye mashine, ifunge kwenye karatasi yake na uiweke kabatini. Karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani kwa selotepu itaanguka kabla ya wiki kwisha, itundike kwa kamba na vibanio. Kopi ya mashine ya tona inahimili mkono wenye jasho. Printa ya wino wa maji hutia madoa.

Kazi za kuandika sana ziweke vipindi vya asubuhi. Alasiri, joto likipanda, peleka mazoezi ya matamshi, kusoma kwa sauti na kulinganisha magazeti. Mwezi wa Ramadhani panga hivyo kwa uangalifu zaidi, na Ijumaa usianze zoezi refu karibu na saa ya sala.

Unaposahihisha, usiandike alama tu. Kaa na orodha ya namba za maswali na uweke alama ya mstari kwa kila kosa. Swali lililokosewa na zaidi ya nusu ya darasa lifundishe upya kwa wote. Lililokosewa na wachache waite hao peke yao. Baada ya wiki mbili rudisha kanuni ileile kwa sentensi nyingine, maana sentensi ileile watakuwa wameikariri. Ripoti ambazo KNEC, baraza la mitihani la Kenya, huchapisha kuhusu matokeo ya kila mwaka nazo zisome, zinaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi.

Mwisho, angalia unachokitia laminesheni, yaani kukifunika kwa plastiki kidumu. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na wanafunzi wale waliingia kidato cha kwanza 2024, kwa hivyo watafunga mfumo huu wa 8-4-4 kwa KCSE ya 2027. Basi karatasi za dondoo na vitabu vya lazima, ambazo hazitadumu, zitoe kwa kopi za kawaida. Pesa ya laminesheni iweke kwenye kadi za vokali, za mkazo na za sarufi, ambazo mwalimu wa kidato kinachofuata au wa sekondari ya juu ya mtaala mpya atazitumia bila kubadilisha neno.