Toa askari, chukua kasi

Kwenye mchezo wa chesi nimecheza gambiti, yaani ufunguzi wa kumtoa askari makusudi ili kupata kasi, kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa na kila mchezaji mpya ni lile lile: kama kompyuta inasema kumtoa askari mapema ni hasara, kwa nini unamtoa? Kwa sababu sichezi na kompyuta. Ninayecheza naye ni binadamu, saa yake inakimbia, na nimemtegea kitendawili kwenye hatua ya pili wakati yeye alitarajia kuanza kuumiza kichwa kwenye hatua ya kumi na mbili.

Hiyo ni faida ya kwanza, na si kubwa sana. Ninayoitetea hasa ni hii: gambiti inakufundisha thamani ya muda. Ukishamtoa askari, deni liko wazi ubaoni, na kila hatua unayocheza kivivu inakuumbua papo hapo. Kuna kanuni ya zamani ya makadirio kwamba askari mmoja ni sawa na hatua tatu hivi za kutoa kete, yaani kuzileta uwanjani. Si hesabu ya kushikilia kwa nguvu, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Tazama Gambiti ya Denmaki. (Herufi na namba ni jina la mraba wa ubao.) Mweupe anacheza e4, Mweusi e5. Mweupe d4, askari mweusi anakula d4. Mweupe c3, askari yule yule anakula c3. Mweupe anatoa askofu hadi c4, askari yule yule anakula b2, na askofu wa pili anamla hapo hapo. Sasa simama uhesabu. Mweusi ana askari wawili zaidi, lakini hatua zake zote nne zimechezwa na askari mmoja ambaye sasa yuko nje ya ubao. Hana farasi wala askofu aliyetoka. Mweupe ana maaskofu wawili waliokaa sambamba, wote wakielekea upande ambako mfalme mweusi angependa kujificha. Mchezaji aliyezoea kufungua taratibu akifika hapo huanza kutokwa jasho.

Ila usikimbilie kushangilia, maana dawa ipo na inafahamika: Mweusi anasukuma askari wake d5. Askofu anamla, farasi mweusi anatoka f6, askofu anakula f7 kwa cheki (anamtishia mfalme), mfalme anamla, malkia mweupe anamla malkia d8. Kisha askofu mweusi anashuka b4 kwa cheki, na Mweupe hana budi kumrudisha malkia d2, malkia huyo analiwa, na Mweupe anamla askofu aliyemla. Ukihesabu, askari ni watano kwa watano, malkia wote wametoka, na Mweusi ana askari watatu upande wa malkia (safu a hadi d) dhidi ya mmoja. Shambulio limekwisha kabla halijaanza.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Anayejilinda vizuri dhidi ya gambiti hang'ang'anii mali. Anairudisha kwa wakati anaoutaka yeye. Ukiijua hiyo, utaanza kucheza gambiti kwa utulivu zaidi, maana kila hatua utajiuliza: akinirudishia askari sasa hivi, nabaki na nini? Mimi kwenye Denmaki siku hizi namtoa askari mmoja tu. Akila c3, namla kwa farasi badala ya kumtoa askofu. Moto unapungua kidogo, lakini farasi keshatoka, na ile dawa ya d5 haina makali yale.

Wanaosema gambiti ni mambo ya kale wana hoja, ila nusu tu. Ni kweli kwamba mwaka 1851 kule London, mchezaji nguli Anderssen alimfunga mwenzake Kieseritzky kwa Gambiti ya Mfalme (e4, e5, kisha Mweupe f4) baada ya kutoa askofu, ngome zote mbili na malkia, akamaliza kazi kwa askofu na farasi wawili, na ni kweli kwamba ulinzi wa wakati ule ulikuwa dhaifu. Lakini mwaka 1960 Spassky alimshinda Fischer, wote wawili mabingwa wa dunia wa baadaye, kwa Gambiti ya Mfalme pale Mar del Plata, Argentina. Ilimuuma Fischer, akaandika makala mwaka uliofuata akidai ufunguzi huo umevunjika. Halafu, kichekesho, yeye mwenyewe akaja kuucheza akiwa na kete nyeupe, na akashinda nao. Mwaka 1995, Riga, bingwa wa dunia Kasparov akaitoa kabatini Gambiti ya Evans, ambamo Mweupe anamtoa askari wa b, dhidi ya Anand na kummaliza kwa hatua 25. Hawa si watu wa kubahatisha.

Sasa, si kila gambiti inastahili muda wako. Kuna zile za mtego mtupu, na maarufu kuliko zote kwenye michezo ya haraka ni Stafford. Mweusi anatoa askari wa e5, kisha anaacha farasi wabadilishane c6. Mweupe akisukuma d3, askofu mweusi akatoka c5, na Mweupe akamleta askofu g5 kumbana farasi, amekwisha: farasi mweusi anakula e4 bila kumjali malkia wake. Ukimla malkia, askofu anakula f2 kwa cheki, mfalme anapanda e2, na askofu wa pili anafika g4. Chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia. Inapendeza sana, sikatai. Ila Mweupe akimpeleka askofu e2 kwa upole badala ya g5, Mweusi anabaki na askari pungufu na matumaini. Cheza hizo kwa kujifurahisha; hazitakukuza.

Ukitaka ya kudumu ukiwa na kete nyeusi, jifunze Gambiti ya Benko dhidi ya d4. Mweusi anasukuma b5 kwenye hatua ya tatu, anamtoa askari wa pembeni, na anachopata ni njia mbili wazi, a na b, kwa ajili ya ngome zake. Ajabu yake ni kwamba hata malkia wakitoka presha haiishi, jambo ambalo gambiti nyingi haziwezi kujivunia.

Mazoezi yake nayapendekeza hivi. Chagua gambiti moja tu kwa kila rangi, na uzicheze kwa saa ndefu kwanza, maana kwenye dakika tatu utashinda kwa sababu zisizokufundisha chochote. Baada ya mchezo, kabla ya kuwasha kompyuta, tafuta mwenyewe hatua ambayo kasi ilikutoka. Mara nyingi utakuta ni pale ulipokimbilia cheki wakati ngome yako moja bado imelala kwenye kona. Toa kete zote, ndipo upige.

Na uandae jibu la mpinzani anayekataa zawadi, kwa sababu watu wengi hujifunza upande wa kupokea tu. Kwenye Gambiti ya Mfalme, baada ya f4, Mweusi anaweza kumtoa askofu c5 bila kugusa chochote. Askari wa e5 anaonekana kama wa bure. Ukimla, malkia mweusi anaruka h4 kwa cheki: ukiziba kwa g3, anakula e4 kwa cheki nyingine na ngome yako ya h1 imekwenda, ukimpandisha mfalme e2, anakula e4 na mchezo umeisha. Cheza farasi f3 kwanza. Yule askari utamshughulikia baadaye.