Waache Wapime Kwanza, Ndipo Waseme

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto huleta mabadiliko kwa kupewa ngonjera. Siku ya Mazingira ikifika, darasa langu lilighani beti nilizotunga mimi, wazazi wakapiga makofi, na kesho yake bomba la kijiji, hatua chache kutoka shuleni, likaendelea kuvuja. Watoto walikuwa wamesema maneno yangu tu.

Mambo yaligeuka kwenye kipindi cha hisabati, darasa la tano. Tulikuwa kwenye vipimo vya ujazo, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, lile bomba linamwaga ndoo ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikawapa chupa ya nusu lita na saa yangu ya mkononi, tukatoka nje.

Chupa ilijaa kwa dakika 30. Mimi nilitaka kuishia hapo, lakini binti mmoja alikataa. Yeye huchota maji alfajiri, na alisema saa hizo, watu wakiwa wachache, msukumo huwa mkubwa na matone hufuatana haraka. Alisema kweli. Wakapima asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, wakatafuta wastani: lita 1.2 kwa saa. Hiyo ni lita 28.8 kwa siku. Kwa siku 30, zaidi ya ndoo 43 za lita 20. Mada ya wastani, ambayo kila mwaka hunitoa jasho, mwaka ule sikuirudia.

Tukaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akauliza, "Mmejuaje, wanangu?" Nilikuwa nimeshafungua kinywa nijibu. Nikajizuia, na hadi leo naona kunyamaza kule ndiko kulikuwa kazi yangu kubwa siku ile. Binti akafungua daftari, akasoma vipimo kimoja kimoja, na wanawake waliozoea kupanga foleni pale wakaanza kuuliza maswali. Wiki hiyo hiyo fundi alibadilisha mpira wa koki.

Mwalimu mwenzangu, anza na mada iliyomo kwenye muhtasari wa somo, la sivyo itakuwa mzigo wa ziada na utauacha kabla ya mitihani. Chagua tatizo ambalo mtoto analiona kwa macho na ambalo mtu wa karibu anaweza kulitengeneza. Ukianza na jambo linalosubiri wizara, watoto watakata tamaa mapema. Na mhesabu vitu, msiorodheshe majina ya watu: mtoto akienda na orodha ya nyumba zisizo na choo, atawaaibisha majirani na pengine wazazi wake mwenyewe.

Wazo hili lina mizizi kwetu. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule, pamoja na kulilima. Shuleni nilikosoma mimi tulipewa jembe, uamuzi ukabaki ofisini. Inaniuma, kwa sababu sehemu iliyoachwa ndiyo ingetukuza.

Sasa darasa lile lipo la sita. Wameona wenyewe kwamba siku ya mnada madawati mengi huwa matupu, na wanataka kujua ni mangapi. Nimewapa daftari jipya. Wameandika tarehe tu, kwa sababu mnada ni Alhamisi.